Ponto ya zamani: chunga pipa mbele ya maji

Karibu na Kolwezi, barage kwa Lualaba ilizaa ziwa la Nzilo. Kwa kuvuka ao kuloba samaki, ponto inasaidia: mbao juu ya mapipa. Ikizeeka, baba anaivuta mpaka mu lupango, anataka kuisude mwenyewe. Ni muzuri, pesa inabakia. Lakini hatari haiko kwa maji tu.

Pipa lililobeba mazutu ao esanse, hata likiwa tupu, linabakia na mvuke. Moto ukigusa, linapasuka sawa bomu. Basi usisude pipa. Sude vyuma vya kuunga peke yake, mbali, kisha funga mapipa kwa mikanda. Pipa lenye kutoboka, badilisha. Kwa kupima, litumbukize: likitoa mapovu, linavuja. Pipa la asidi usilete kwa batoto, hata la bure.

Fanya hesabu. Pipa la litri 200, ukitoa kilo 20 za chuma chake, linabeba kilo 180. Mapipa 6: kilo 1080, mbao na watu ndani yake. Usipite nusu.

Mu shimo tunadai usalama kwa wakubwa wa kazi. Nyumbani, mukubwa ni sisi wenyewe.