KRETI NI CHOMBO, TENA NI KIPIMO

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Umoja na Kayole, neno "kreti" husikika kila alfajiri. Mwenye duka apokea kreti za mkate, mwenye hoteli angoja kreti ya soda, na mama wa kibanda arudi kutoka Soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, akiwa na kreti ya nyanya juu ya mkokoteni. Neno ni moja, lakini maana zake si moja. Na asiyezipambanua huenda akapoteza fedha zake.

Neno hili tumelipata kwa Waingereza, nao asili yake waliitoa katika Kilatini, ambamo *cratis* ni kitu kilichosukwa kwa fito. Basi kreti ni ndugu wa tenga letu. Kiswahili kilikuwa tayari na sanduku, lililotoka katika Kiarabu, na kasha, lililotoka katika Kireno. Lakini hivyo huwa na mbavu zilizozibwa na kifuniko, hali kreti ina nafasi ubavuni ili hewa ipite na mtu aone kilichomo.

Maana ya kwanza, basi, ni chombo. Maana ya pili ni hesabu. Kreti ya soda za mililita 300 ni chupa 24. Kreti ya bia za nusu lita ni chupa 25. Kreti ya mayai, ambayo wengine huiita trei, ni mayai 30. Anayeagiza kreti mbili za mayai atazamie mayai 60, wala asione haya kuyahesabu mbele ya muuzaji.

Matata yamo katika kreti ya nyanya. Hiyo haina hesabu, wala uzito wake si mmoja. Katika taarifa za bei za Wizara ya Kilimo, sanduku kubwa la nyanya limehesabiwa kuwa kilo 64. Lakini sokoni ukubwa wafuata mbao za seremala aliyelipigilia misumari. Tuseme kreti moja ya kilo 64 yauzwa shilingi 3,200, na nyingine ya kilo 50 yauzwa shilingi 3,000. Mnunuzi huona ya pili kuwa rahisi. Kumbe katika ya kwanza kilo moja ni shilingi 50, na katika ya pili ni shilingi 60. Kadhalika, kreti ikiwa na kina kirefu, nyanya za chini hupondwa na uzito wa zile za juu. Kwa hiyo yafaa kutazama hata chini, si juu peke yake.

Jambo kama hili lilikuwa katika viazi, ambavyo vilijazwa mpaka gunia likaota kilele. Mwaka 2019 kanuni za serikali ziliweka mpaka wa kilo 50 kwa gunia, ili mkulima asipunjwe.

Tena kuna suala la mwenye chombo. Kreti ya plastiki yenye jina la kiwanda ni mali ya kiwanda. Anunuaye soda za chupa za kurudishwa hununua kinywaji tu. Fedha azitoazo kwa ajili ya chupa na kreti ni amana, naye hurejeshewa akivirudisha vikiwa vizima. Huko mitaani twaona kreti zimegeuzwa viti, meza za kuuzia sukuma wiki, na hata viota vya kuku. Aliyeitoa amana na kuigeuza kreti kiti amekalia fedha zake mwenyewe.

Basi, kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo matatu: Ni ngapi ndani? Uzito wake ni kilo ngapi? Na je, bei hiyo ni pamoja na chombo chenyewe? Mwuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, kwa maana mizani humlinda yeye kama imlindavyo mnunuzi.