Wakazi wa Kidimbwi cha Uani

Kila masika yanapokaribia kwisha na maji kutuama katika kila shimo la uani, wasomaji wa safu hii huniletea maswali ya namna moja, na safari hii yamekuwa mengi kuliko ada: msomaji amechimba kidimbwi nyuma ya nyumba, au amelifufua birika la saruji lililokuwa la kufulia nguo, ametia yungiyungi, na sasa ataka kujua ni viumbe gani awakaribishe humo, ilhali jirani zake wamekwisha kumwonya kwamba amejichimbia malaria, dengi na kichocho mlangoni pake. Swali la msomaji ni zuri. Onyo la jirani ni ukweli robo na dhana robo tatu, na maadamu dhana hizo hunifikia kila mwaka kwa sura ile ile, sina budi kuanza nazo.

Mbu aenezaye dengi, Aedes aegypti, ambaye mwaka 2014, na tena mwaka 2019, aliwalaza watu wengi wa Dar es Salaam, si mbu wa bwawa. Yeye hupenda vyombo: ndoo, pipa lisilo kifuniko, tairi bovu, kifuu cha nazi, kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Humo hubandika mayai yake ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na yai likiisha kukomaa huweza kukaa kavu kwa miezi, likingojea maji yapande yaliguse. Kwa hiyo jirani alalamikaye juu ya kidimbwi chako, huku nyuma ya banda lake pana matairi yaliyojaa maji ya mvua, aghalabu ndiye anayefuga dengi ya mtaa mzima.

Juu ya malaria jirani ana haki zaidi. Anopheles gambiae hupenda maji yaliyo wazi juani na yasiyo na wa kumla, na kidimbwi kilichochimbwa kwa furaha kisha kikaachwa bila samaki humfaa sana. Katika Kisii ya Kati, magharibi mwa Kenya, watafiti walitia sato katika mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba mbu wa malaria katika mabwawa hayo walipungua kwa zaidi ya asilimia 94, na wale wa jamii ya Culex kwa zaidi ya asilimia 75. Hayo ni mengi. Lakini wajuzi wa Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, walipoupitia ushahidi wote wa samaki walao viluwiluwi, wakautoa uchambuzi wao mpya mwaka 2017, walikuta kwamba samaki hupunguza viluwiluwi ndani ya maji waliyotiwa, na hawakukuta utafiti wa kuaminika uliopima kama wagonjwa wa malaria nao walipungua. Tafauti hiyo si ndogo. Samaki hukizuia kidimbwi chako kisiwe kitalu cha mbu. Hawakulindi na mbu aliyezaliwa katika nyayo za ng'ombe mtaa wa pili, na anayekuuzia samaki kwa ahadi kwamba utakunja chandarua ukiweke kabatini anakuhadaa.

Kichocho nacho hakizaliwi na maji. Ili kiwepo, sharti mkojo au choo cha mgonjwa kiyafikie maji, na humo awepo konokono wa jinsi maalumu. Hata katika kisiwa kimoja cha Unguja mambo hutafautiana: upande wa kaskazini kuna Bulinus globosus, anayeupokea ugonjwa na kuueneza, na upande wa kusini kuna nduguye, Bulinus nasutus, ambaye hausambazi. Kidimbwi cha uani kisichofikiwa na mkojo wala choo cha mtu hakina njia ya kuleta kichocho. Hata hivyo, konokono si mgeni wa kualikwa, na mlango wake ni yungiyungi lenyewe uliloling'oa kijitoni, ambalo chini ya majani yake hubandikwa vifuko vya mayai vinavyoteleza kama ute. Yafute majani hayo moja moja kwa mkono kabla hujayatia majini.

Na chura, maskini! Sijui amewakosea nini watu. Haleti chunusi, wala vinyama vya ngozi, ambavyo huletwa na kirusi na havina uhusiano wowote na chura. Mkojo wake haupofushi. Hutahitaji kumnunua wala kumkamata, kwani atakuja mwenyewe usiku wa kwanza wa mvua, kama ajavyo kereng'ende, ambaye watoto wake huishi chini ya maji kwa miezi na ni wawindaji hodari wa viluwiluwi vya mbu kuliko samaki wengi wanaosifiwa sokoni.

Sasa niwie radhi, msomaji, maana hapa nitakawia. Katika Unguja, kwenye vidimbwi vya mvua ambavyo wakati wa kiangazi hukauka vikabaki udongo uliopasuka, huishi samaki asiyezidi urefu wa kidole, dume lake limepambwa kwa buluu na wekundu, ambaye Georg Pfeffer, mtaalamu wa wanyama wa Hamburg, alimwandika mwaka 1893 na elimu ikamwita Nothobranchius guentheri. Jamaa zake wamejaa mwambao na bara yake, toka Kenya hata Msumbiji. Kwa kuwa huonekana muda mfupi baada ya mvua, mahali ambapo juma lililotangulia mbuzi walikuwa wakitimua vumbi, watu wamekata shauri kwamba hushuka na mvua kutoka mawinguni, na nimewasikia watu waliosoma wakiliapia jambo hilo. Hakushuka popote. Muda wote alikuwa udongoni, ndani ya yai.

Dume na jike hujisukuma katika tope laini na kuacha humo yai moja moja. Ukame ukifika wazazi hufa wote, pasisalie hata mmoja, na kizazi kizima hubaki amana ya udongo. Lakini yai hilo halingoji kwa namna moja. Laweza kusimama mapema kabisa, kabla kiinitete hakijapata umbo, seli zake zikiwa zimetawanyika juu ya kiini bila mpango. Likiisha kupita hapo laweza kusimama tena katikati ya safari, hali kichwa, uti wa mgongo na moyo vimekwisha kuanza, ukuaji ukakoma na matumizi ya nguvu yakashuka hata yakakaribia kutokuwapo, na kituo hiki ndicho kirefu kuliko vyote, huchukua miezi mingi. Tena laweza kusimama mara ya tatu, samaki akiwa amekamilika na macho yake yaking'aa nyuma ya ganda, hana alichobakiza isipokuwa maji. Na lililonistaajabisha kupita yote ni kwamba mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa siku moja katika tope moja, hayasimami pamoja wala hayaamki pamoja. Ikinyesha mvua ya hadaa ya siku mbili kisha jua likarudi, walioanguliwa hufa, na wenzao waliosita ndio hupokea masika ya kweli. Hakuna aliyewaambia wasite. Hali ya hewa ya mwambao, kwa maelfu ya miaka, imewaangamiza jamaa ambao mayai yao yote yaliamka kwa pamoja. Na muda ukiwa mfupi hivyo, utoto nao hufupishwa: mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba huko Msumbiji jamaa yake, Nothobranchius furzeri, huweza kupevuka na kuzaa akiwa na umri wa siku 14 hivi.

Utakumbuka yai la Aedes, linalongoja kavu ukutani mwa pipa. Adui na rafiki wamesoma chuo kimoja, tafauti ni kwamba mbu hukamilisha mwanawe kwanza ndipo angoje, na samaki aweza kungoja kabla ya kuanza kazi. Wataalamu wa Afrika Mashariki walikwisha kumwandika samaki huyu na jamaa zake kuwa walaji wa viluwiluwi tangu mapema miaka ya 1940, na kwa kidimbwi kinachojaa masika na kukauka kiangazi sijui mkazi amfaaye mwenye uani kuliko yeye, maana hahitaji kununuliwa upya. Katika kidimbwi kisichokauka hafai: wazazi watakufa kwa uzee na mayai mengi hayataamka vyema bila kuonja ukavu. Na ukimtwaa, mtwae katika kidimbwi kilicho karibu nawe, uwaache walio wengi, kwa kuwa makazi yake hufukiwa kila siku kwa viwanja vya kujengea.

Kwa maji ya kudumu, tafuta samaki wadogo wa kijito cha karibu, wasiozidi kidole, na ukitaka wa kula ongeza perege wachache sana. Gambusia, samaki wa Marekani aliyesambazwa duniani kwa jina la mla mbu, mwache huko alikotoka: huwang'ata mapezi wenziwe, hula mayai ya vyura, na leo amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 waliozidi kwa ubaya. Sisi tuliomwona sangara akitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na samaki wadogo wa ziwa wakatoweka kwa jinsi nyingi, hatupaswi kufundishwa somo hilo mara ya pili. Kambare, ambaye wauzaji humsifu kuwa husafisha maji, huyavuruga, hukua akapita mita moja akipata nafasi, na usiku wa mvua hutoka akatambaa kwenda zake, kwa kuwa anacho kiungo cha kuvutia hewa. Bata huchafua kidimbwi kidogo kwa juma moja.

Wako pia wauza dawa. Hawa hupita na chupa za maji ya buluu, wakidai kwamba kijiko kimoja huua mbu, konokono na ukungu bila kumdhuru samaki, na dawa ile ile, ukiwa na kidonda, hukiponya. Chupa hizo aghalabu zina mrututu, basi. Mrututu huua konokono, ni kweli, na ndivyo unavyoua samaki: huingia matamvuani ukaharibu milango ambayo kwayo samaki huvuta chumvi kutoka majini, mwili ukavujisha chumvi yake hata ukaishiwa, na maji yakiwa laini, kama yalivyo ya mvua, sumu yake huzidi ukali. Mtu asiyejua hilo hana haki ya kushika kijiko karibu na maji ya mwenziwe. Mafuta ya taa nayo, yaliyopendekezwa na msomaji mwingine, huua kila kipumuacho usoni pa maji.

Yaliyosalia ni mafupi. Acha kidimbwi kikae na majani kwa majuma kadhaa kabla ya samaki. Tia wachache, kwani uchafu wa miili yao wenyewe ndio huwaua, hasa mchana wa jua kali. Usiwalishe hata wakashiba, aliyeshiba hawindi. Weka wavu imara juu ya kidimbwi, maana mtoto mdogo hufa maji katika kina cha kiganja. Samaki waliozidi usiwamwage mtoni, hata wakiwa wazuri. Na kwa wale walioniuliza juu ya kobe wa majini: hubeba vijidudu vya salmonella bila kuugua, basi usimfuge penye watoto walio chini ya miaka mitano, na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni.