Je, Wajua? Damu ya Mzee Mwenye Saratani ya Utumbo Mpana

Je, wajua kuwa saratani ya utumbo mpana inashika nafasi ya 3 duniani kwa wagonjwa wapya na ya 2 kwa vifo? Mwaka 2020 iligundulika kwa watu zaidi ya milioni 1.9, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 50.

Je, wajua kuwa umri peke yake haumwambii daktari kama mgonjwa atahimili upasuaji? Wazee wawili wa miaka 78 wanaweza kulazwa vitanda jirani, saratani ikiwa hatua ileile, mmoja akarudi shambani kwake na mwingine asitoke wodini. Sehemu ya tofauti hiyo husomeka kwenye damu kabla ya kisu kugusa tumbo.

Je, wajua kuwa kiashiria maarufu kuliko vyote, CEA, kiligunduliwa mwaka 1965? Phil Gold na Samuel Freedman wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliikuta protini hiyo kwenye uvimbe wa saratani na pia kwenye utumbo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Kikomo cha kawaida ni nanogramu 5 kwa mililita. Mvuta sigara anaweza kukivuka bila kuwa na saratani, na wapo wenye saratani ambao CEA yao haipandi kamwe. Kwa hiyo kipimo hiki hakifai kutafuta ugonjwa kwa mtu asiye na dalili. Kazi yake ni kufuatilia: uvimbe ukishatolewa, namba inatakiwa kushuka ndani ya wiki 4 hadi 6. Isiposhuka, madaktari huanza kutafuta mabaki.

Je, wajua kuwa CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni au maambukizi, iligunduliwa New York mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia?

Je, wajua kuwa watafiti wa Glasgow, Uskoti, waliiunganisha CRP na albumini, protini nyingine ya damu, wakapata alama rahisi ya 0, 1 au 2? Katika toleo lake lililoboreshwa, CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, mgonjwa anapata 1. Ikizidi hapo na albumini nayo ikawa chini ya gramu 35 kwa lita, anapata 2, na hao ndio wanaohitaji uangalizi wa karibu zaidi. Hapa kuna jambo ambalo familia zinastahili kulijua. Albumini ikishuka, ndugu hujilaumu kwamba hawakumlisha mzee vizuri. Lakini saratani inapouchochea mwili, ini hupunguza kutengeneza albumini hata kama mgonjwa anakula. Supu na maziwa vinasaidia, ila si lazima kosa liwe jikoni.

Je, wajua kuwa kiashiria kingine hakihitaji mashine mpya? Chukua majibu ya kawaida ya hesabu ya chembe za damu. Angalia aina mbili za chembe nyeupe: neutrofili zikiwa 6.0 na limfosaiti 1.5, gawanya: uwiano ni 4. Tafiti nyingi huanza kuutilia shaka uwiano ukifika 3, nyingine 5. Namba hizo zilipatikana zaidi Ulaya na Asia ya Mashariki, na kwetu zisimezwe nzimanzima. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana neutrofili chache kuliko Wazungu, nao ni wazima kabisa. Chanzo ni badiliko la jeni ya Duffy, lilelile linalowakinga na malaria ya vivax. Kikomo cha mgeni kinaweza kumpitisha salama mzee wetu aliye hatarini.

Je, wajua kuwa kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, ikiwa nzuri inaweza kudanganya? Hutokana na misuli. Mzee aliyekonda ana misuli michache, hivyo namba yake huonekana ya kawaida huku figo zimechoka. Dozi ya capecitabine, kidonge cha tibakemikali, hutegemea nguvu ya figo, kwa hiyo umri na uzito lazima viingie kwenye hesabu.

Je, wajua kuwa vipande vya DNA ya saratani huelea kwenye damu? Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2022 uliwahusisha wagonjwa 455 wa hatua ya pili. Kwa kuvifuata vipande hivyo, waliopewa tibakemikali walipungua kutoka asilimia 28 hadi 15, bila ugonjwa kurudi zaidi. Kwa mzee, kuepushwa dawa kali asiyoihitaji ni tiba pia.

Je, wajua kuwa uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo huweza kuvuja damu polepole kwa miezi bila kuonekana chooni? Mzee wako akiambiwa damu imepungua na sababu haijulikani, msiridhike na vidonge vya madini ya chuma. Ombeni utumbo uchunguzwe. Na kama upasuaji umepangwa, ulizeni kama CEA imepimwa kabla, kwa sababu bila namba ya mwanzo, ile ya baadaye haina cha kulinganishwa nacho.