Maana ya Neno "Pole"

Hapa Kate ukimkuta jirani aliyefiwa, unamwambia: "Pole." Je, umemkosea? Hapana. Ungekuwa umemkosea, ungesema: "Nisamehe."

Maneno mpole, upole na polepole ni ndugu wa neno pole. Basi anayesema pole anamwendea mwenzake kwa upole. Anamwambia: "Uchungu wako nimeuona, niko nawe."

Mwaka 1909 Edward Titchener, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alitunga neno la Kiingereza lenye maana ya kujitia katika moyo wa mwenzako. Alilifuatisha neno la Kijerumani. Sisi tayari tulikuwa na pole.

Lakini pole ya mdomo tu haitoshi. Keti naye, msikilize. Kama shamba lake la ulezi limeota magugu, chukua jembe.