Utabiri wa mvua Same: Kwa nini jibu la Suji si jibu la Makanya

MKAZI wa Dar es Salaam ambaye asili yake ni Suji, wilayani Same, anaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba mkoa wa Kilimanjaro unatarajiwa kupata mvua za wastani, mara nyingi hupiga simu nyumbani kuuliza kama shamba limekwisha kulimwa. Fedha za mbegu hutumwa, vibarua hutafutwa na mahindi hupandwa.

Mara nyingine mvua hufika kama ilivyotarajiwa. Mara nyingine mahindi huota, hukaa wiki mbili bila kupata tone la maji, kisha hunyauka. Fedha iliyotumwa hupotea, na lawama zote huelekezwa kwa watabiri.

Hata hivyo, lawama hiyo si ya haki wakati wote. Utabiri unaweza kuwa sahihi kwa mkoa mzima, na bado usiwe jibu la shamba moja lililoko mlimani. Anayeusoma hana budi kuongeza kitu ambacho taarifa ya habari haina nafasi ya kukieleza, nacho ni sura ya mahali penyewe.

Upepo na mlima

Katika Milima ya Upare, ufunguo wa mvua ni upepo. Watu wa pwani huzifahamu vizuri pepo mbili kubwa za Bahari ya Hindi: kaskazi, ambayo huvuma kutoka kaskazini mashariki katika miezi ya Desemba hadi Februari, na kusi, ambayo hutoka upande wa kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, na za masika, za Machi hadi Mei, hunyesha katika vipindi ambavyo pepo hizo hupokezana na ukanda wa mvua hupita juu ya nchi ukilifuata jua.

Hewa yenye unyevu kutoka baharini hulifikia bara ikitokea zaidi upande wa mashariki. Inapogonga Milima ya Upare hulazimika kupanda. Kila inapopanda mita 100, hewa ambayo haijafanya mawingu hupoa kwa takriban nyuzi joto moja ya sentigredi. Ikipoa vya kutosha, unyevu wake hugeuka mawingu, na mawingu hayo huangusha mvua kwenye miteremko ya mashariki na kwenye vilele, kikiwamo kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400.

Ikivuka kilele, hewa hiyo hushuka ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya maji yake, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyozidi kupata joto. Ndiyo maana tambarare za magharibi, zilizo kando ya barabara kuu kutoka Hedaru na Makanya hadi mjini Same, ziko katika kile ambacho wanajiografia hukiita kivuli cha mvua. Mji wa Same hupata kwa wastani mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka, ilhali sehemu za juu za milima hiyo hupata zaidi ya milimita 1,000.

Suji imekaa katikati ya hali hizo mbili. Iko juu kuliko Makanya, hivyo hupata ubaridi na mawingu ambayo tambarare haiyapati. Lakini iko upande wa magharibi, hivyo haiwezi kujilinganisha na Mamba Miamba, iliyo upande wa pili wa milima.

Maana ya wastani

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu kwa makundi ya mikoa. Kilimanjaro huwekwa pamoja na Arusha na Manyara katika nyanda za juu kaskazini mashariki. Katika miaka ya karibuni umekuwapo pia utabiri wa ngazi ya wilaya, ambao ni hatua kubwa. Lakini hata wilaya moja ya Same ina tambarare kavu na misitu ya mlimani inayonyeshewa sana.

Neno wastani nalo lina maana maalumu. Ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi wa mahali husika. Kwa hiyo, mvua za wastani Makanya ni chache, kwa sababu kawaida ya Makanya yenyewe ni mvua chache. Neno moja likitamkwa kwa sehemu zote mbili, halimaanishi kiasi kimoja cha maji.

Aidha, wastani hausemi mvua itagawanyika vipi. Milimita 300 zikinyesha kidogo kidogo kwa miezi miwili hukuza mahindi. Milimita hizo hizo zikinyesha kwa siku sita, kisha jua likawaka, huharibu udongo na kuacha mmea ukife kwa kiu. Kwa mkulima, sehemu ya taarifa inayozungumzia kuanza kwa mvua, kuisha kwake na mtawanyiko wake ina uzito kuliko neno wastani.

Picha ya kwenye simu

Siku hizi wengi hutazama utabiri kwenye simu. Programu nyingi za aina hiyo hutegemea hesabu za kompyuta zinazoigawa dunia katika miraba, ambayo hata katika mifumo bora ya dunia nzima huwa na upande wa kilometa 9 au zaidi. Ndani ya mraba mmoja, bonde na kilele huchanganywa vikawa mwinuko mmoja, na mlima mkali huonekana kama kilima kilicholala.

Hesabu hizo huweza pia kukosa mambo madogo ya mahali. Jua la asubuhi hupasha joto miteremko, hewa hupanda kutoka bondeni, na kufikia saa nane au saa tisa mchana mawingu huweza kujikusanya juu ya mlima ilhali tambarare ni nyeupe. Anayeanza safari ya kupanda Suji akitokea Makanya asidanganywe na anga safi ya barabarani.

Mvua ya juu, maji ya chini

Hapo ndipo kutosoma vizuri kunapogeuka hatari. TMA hutoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa kwa mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kiasi hicho kikiangukia eka moja ni zaidi ya lita 200,000 za maji, na kwenye mteremko maji hayo hayakai.

Wakulima wa Makanya wanalijua hilo kwa faida yake, maana huyaelekeza mashambani mafuriko yanayoshuka kutoka milimani hata siku ambazo kwao haikunyesha. Lakini korongo hilo hilo lililokuwa kavu asubuhi huweza kumbeba mtu jioni.

Novemba 2009, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, na kuua makumi ya watu.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutuma fedha za mbegu au kufunga safari ya Desemba, msomaji wa utabiri anaweza kujiuliza maswali manne: upepo unatoka upande gani; mahali husika pako upande upi wa mlima; pana mwinuko kiasi gani; na nini kinanyesha juu yake. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na hujibiwa kwa simu moja kwa mtu aliyeko juu.

Kwa mwenye shamba, kipima mvua kilichowekwa uwanjani na kusomwa kila saa tatu asubuhi, kisha kuandikwa daftarini, kitamwambia baada ya misimu michache kawaida ya shamba lake ni ipi. Hapo neno wastani likitajwa redioni, atakuwa na namba yake mwenyewe ya kulipimia.