Fidla Hufunzwa kwa Sikio

Wapo wasemao kwamba fidla ni chombo cha Wazungu, na kwamba atakaye kuipiga hana budi kwanza asome nota. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Fidla ina nyuzi nne tu, na shingo yake haina alama ya kuonyesha kidole kikae wapi. Ugumu huo ndio uliowafaa wapigaji wa taarabu wa Unguja, kwa maana maqamu kama rasti na bayati zina sauti ambazo piano ya kawaida haiwezi kuzitoa. Kidole husogea kidogo tu, na sauti hupatikana.

Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Katika vikundi hivyo wengi wamejifunza kwa kuketi karibu na mkubwa wao, wakasikiliza, wakafuata. Tangu mwaka 2002 kipo pia chuo cha Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe.

Nota si adui. Huhifadhi wimbo usipotee mzee afarikipo. Lakini karatasi haitoshi kuonyesha upinde uvutwe kwa uzito gani, wala sauti itetemeshwe vipi. Basi twawaambia wafanyakazi wenye hamu: chagueni wimbo mmoja mnaoujua tangu utotoni, uimbeni kwanza hata mdomo uuzoee, kisha mwutafute kwenye nyuzi, polepole, kipande kwa kipande. Na wazee waendeeni wangali hai, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.