Betri ya Pikapu Isilale Njaa

Ni saa nane za usiku. Mtu anabisha hodi. Mke wa jirani ameshikwa na uchungu, na mganga wa zahanati ameshauri apelekwe hospitali, Ruangwa mjini. Gari lililo karibu ni moja tu, nalo ni pikapu yako. Unachukua ufunguo, unapiga stata. Inalia tiki, tiki, kisha kimya. Taa za mbele zinatoa mwanga kama wa kibatari. Mafuta yamo, injini ni nzima. Betri imekufa.

Wanaume wanaamshwa waje kusukuma. Wakati wa kiangazi huenda wakafaulu. Wakati wa mvua, penye tope, watachoka bure. Na kama gari lako linabadili gia lenyewe, kulisukuma hakutaliwasha hata mkiwa watu ishirini.

Je, kwa nini betri ife wakati gari limepumzika? Tuangalie kazi yetu katika kata ya Chunyu na sehemu nyingine za Ruangwa na Nachingwea. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Pikapu inabeba magunia kwenda ghala la chama cha msingi. Injini inazunguka kila siku, na altaneta inairudishia betri chaji yake. Mvua zikishika, barabara zinaharibika na mizigo inapungua. Pikapu inaegeshwa chini ya mkorosho wiki tatu, pengine nne. Mwenyewe anadhani inapumzika. Kumbe betri inaliwa kidogo kidogo.

Inaliwa na nini? Saa ya gari, redio na king'ora cha wezi vinakula umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Tuseme vyote pamoja vinakula sehemu moja ya ishirini ya ampea. Ni kidogo sana. Lakini zidisha kwa saa 24, utapata ampea-saa 1.2 kila siku. Betri iliyoandikwa 60 inaweza kutoa ampea 3 kwa muda wa saa 20, basi. Baada ya siku 25 imepoteza 30, yaani nusu. Tena betri hupoteza chaji yenyewe ndani kwa ndani, na penye joto hupoteza haraka zaidi.

Hasara haiishii hapo. Betri ikikaa na njaa, bamba za risasi zilizomo ndani huota ukoko. Ukoko ukiwa mchanga, chaji huuondoa. Ukikaa muda mrefu unakuwa mgumu, na betri hiyo haitashika chaji tena. Utanunua nyingine kwa fedha za korosho.

Dawa ipo. Ni kifaa kidogo cha kutunza chaji. Kifaa hiki si sawa na chaja kubwa ya gereji. Chaja ya kawaida ukiisahau inaendelea kusukuma umeme mpaka maji ya betri yanachemka na kukauka. Kitunza chaji kinasukuma kidogo, na betri ikishiba kinapunguza na kubaki kwenye volti 13 na kitu. Unaweza kukiacha wiki nzima. Vipo vya umeme wa nyumbani, na vipo vya jua. Mimi nakushauri ule wa jua, kwa sababu hautegemei umeme wa nguzo.

Unahitaji paneli ya sola ya wati 10, chaji kontrola ya volti 12, waya mwekundu na mweusi, na fyuzi. Paneli hiyo, jua likiwaka vizuri saa tano, inaleta kama ampea-saa 3 kwa siku. Inatosha kushinda ile 1.2 inayoliwa, hata siku za mawingu zikiwamo. Usishawishike kuacha chaji kontrola ili upunguze gharama. Paneli peke yake haijui betri imeshiba.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Zima gari. Legeza kwanza waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, ili spana isigusane na bodi ikatoa cheche. Funga waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya, na fyuzi iwe karibu na betri. Usiiweke fyuzi bado. Funga mweusi kwenye kichwa cha hasi pamoja na ule ulioulegeza. Pitisha ncha za waya nje ya boneti, mahali pasipo na moto wala feni. Unganisha ncha hizo na chaji kontrola, kisha weka fyuzi, na mwisho kabisa unganisha paneli. Wakati wa kufungua anza na paneli.

Paneli ikae juani, juu ya paa. Nimesema mkorosho, na kivuli chake ni kizuri kwa betri, lakini paneli ikikaa chini ya mkorosho haina kazi. Kwa hiyo nunua waya mrefu.

Sasa maji. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, tazama kila mwezi. Bamba zikionekana kavu, ongeza maji maalumu ya betri mpaka zifunikwe. Maji ya kisima usitie, hasa yale yenye chunyu (sina neno na kata yetu, nasema chumvi). Chumvi inaharibu bamba. Usivute sigara wala kumulika kwa kibiriti, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, osha muda mrefu huku ukipelekwa zahanati.

Usitegemee paneli ndogo kufufua betri iliyokwisha kabisa. Kwa ampea-saa 3 kwa siku, betri ya 60 itahitaji zaidi ya wiki tatu. Ipeleke kwa fundi ichajiwe kwanza. Ukiwa na mita, pima asubuhi kabla ya jua kuchomoza na gari likiwa limelala: volti 12.6 ni shibe, 12.2 ni nusu, 12 ni njaa kali.

Jambo la mwisho ni la usahaulifu. Mtu akiitwa usiku kwa haraka huwasha gari na kuondoka, akaivuta paneli kutoka juu ya paa. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani kila unapounganisha waya. Usikifungue mpaka umeuchomoa.